Gredi ya Mikono

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo limekaa juu yangu tangu nilipomaliza shule, nalo sikulichagua. Gredi. Mtu akikutana nami mara ya kwanza, kabla hajajua napenda nini au naogopa nini, ataniuliza, "Na wewe ulipata gredi gani?" Namjibu, "D." Namjibu haraka na kwa sauti ya juu, maana nimegundua kwamba ukiitamka polepole watu wanakuhurumia, na huruma ya namna hiyo inashika kwenye nguo kama moshi wa kuni mbichi.

D kavu, bila hata plas ya kuisitiri. Siku matokeo yalipotoka mama alilia kidogo jikoni, halafu akapika chapati. Nilipoinusa harufu yake nikajua sijafa, kwa sababu nyumbani kwetu chapati ni za Krismasi na za wageni. Baba alisema D ni herufi kama zile nyingine, hata "dunia" inaanza nayo. Nikacheka, nikala tano.

Baadaye nilienda chuo cha ufundi kujifunza kushona, nikidhani huko nitapumzika. Kumbe neno lilikuwa limenitangulia. Mtihani wa mafundi nao unaitwa gredi: unaanza na ya tatu, unapanda ya pili, ukifika ya kwanza wewe ni fundi wa mafundi. Siku niliyopita ile ya tatu nilirudi nyumbani nikiruka. Binti ya shangazi yangu, ambaye ana miaka tisa na yuko Gredi Foo, maana siku hizi hata madarasa yanaitwa hivyo, alinishika mkono kwa masikitiko.

"Pole," akaniambia. "Mimi gredi thrii niliimaliza mwaka jana."

Nikamwambia nitajitahidi nimfikie.

Sasa nashona. Nina cherehani na meza kwenye veranda ya duka la mbolea, si mbali na Kianjokoma, na nina ndoto ya duka langu mwenyewe lenye kioo kirefu ambacho mtu atajiona kuanzia kiatu mpaka kofia. Lakini leo siandiki habari za kioo. Naandika habari za Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu Embu, mama yake baba yangu, na siku ambayo watu walitaka kumpa gredi moja ya msimu mzima akakataa.

Cucu ni mkulima wa kahawa. Kiwandani, mahali kahawa inapopelekwa kumenywa, ndiko kwao hasa neno hilo. Mkulima akifika na cheri zake, yaani matunda ya kahawa, hazimwagi kwenye mizani moja kwa moja. Kuna uwanja wa saruji. Unatandika gunia, unamwaga cheri, unapiga magoti na kuchagua: nyekundu zibaki; kijani, njano, zilizokauka na zilizotobolewa na wadudu zitoke. Ukimaliza, karani anakuja, anachota viganja viwili, anazitazama kwenye mwanga. Akiridhika, ni gredi ya kwanza. Asiporidhika anakwambia uchague upya, au anakupeleka gredi ya pili, na huko kila mtu anakuona ukienda, kwa sababu mizani ya gredi ya pili iko upande wa pili wa uwanja na hakuna njia ya kuzunguka.

Namba ya Cucu pale kiwandani ina tarakimu mbili. Namba za siku hizi zina nne. Wenye namba kama yake wamebaki wachache, na wengi wao wanatuma watoto. Cucu hatumi mtu. "Mimi sijawahi kupimiwa gredi ya pili," husema, kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine angesema hajawahi kulala polisi.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Ilianza kwa mambo madogo. Alikuwa anatia chumvi kwenye chai. Alimsalimia mgomba wa jirani. Tulipompeleka hospitalini, daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone ya kuzuia yaliyobaki yasiondoke, akasema wazi kwamba yaliyokwenda hayarudi. Cucu alimshukuru, na njiani kurudi aliniambia, "Yule daktari ni mtu mzuri. Hakunidanganya." Kisha akaniuliza kama shamba la fulani limeshapaliliwa, nikamwelezea, na kuanzia siku hiyo nikawa namwelezea njia yote kila tunapotembea.

Msimu uliofuata ndipo nilipoona jinsi anavyochagua kahawa sasa. Anainamisha kichwa pembeni kama mtu anayesikiliza redio ya chini. Vidole vinapita juu ya cheri, vinaokota moja, vinaibonyeza kidogo, vinaiacha au vinaitupa kando. Haraka kabisa.

"Iliyoiva inakubali," aliniambia. Cucu huongea Kiembu, na yote atakayosema hapa nimeyaleta kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza. "Ukiibonyeza, inakubali. Ile mbichi inabisha."

"Na ile ya njano?"

"Hiyo ni muongo. Inakubali nusu."

Waongo hao ndio waliomletea shida. Karani wa kiwanda ni kijana wa rika langu. Tulisoma shule moja, yeye akapata C plas. Si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitamkasirikia sana hapa mbele. Mwezi wa kwanza wa mavuno alimrudisha Cucu kuchagua upya mara mbili. Alifanya hivyo kwa adabu.

"Cucu, kuna njano hapa."

"Nipe mkononi."

Akampa. Cucu akaibonyeza, akatikisa kichwa. "Ni kweli. Hii imenitoroka."

Mara ya tatu, ilikuwa Jumatatu, karani hakumwambia yeye. Alinivuta mimi hadi kwenye ukuta wa ofisi.

"Sikia," akasema. "Mimi Cucu namheshimu. Lakini cheri za watu wote zinaingia kwa mashine moja. Zake chache mbichi zinaharibu za kila mtu. Kamati ya kiwanda imeongea. Alhamisi mkirudi, nikikuta hivi tena, namba yake inahamishwa gredi ya pili mpaka msimu uishe. Sitakuwa nakagua tena, nitakuwa nampima tu kule."

"Mpaka msimu uishe? Hata akileta nyekundu tupu?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Si umchagulie? Wewe una macho. Ama abaki nyumbani apumzike. Kwani akipumzika atapungukiwa na nini?"

"Na wewe ukipumzika utapungukiwa na nini?"

"Usinigombeze, mimi nimetumwa."

Nilirudi pale Cucu alipokuwa amekaa juu ya gunia tupu. Nilikuwa natafuta maneno. Alinisaidia.

"Macho ndiyo yameharibika," akasema. "Masikio yangu ni mazima. Wewe usinichagulie."

"Lakini Cucu, Alhamisi..."

"Alhamisi nitakuja."

Hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa na akili. Lakini mimi nina moyo laini, na moyo laini una ubaya wake: unadhani kila mtu anataka kuokolewa. Jumanne nikishona sare za shule niliwaza Cucu akivushwa uwanja mzima kwenda mizani ya pili, mbele ya watu aliowafundisha kupogoa kahawa. Jumatano niliwaza tena nikajidunga sindano. Kufikia Alhamisi nilikuwa na mpango, na niliuona ni mpango mzuri sana.

Asubuhi hiyo tulichuma pamoja, yeye, mimi na mama. Mchana nikamwambia Cucu nitatangulia na gunia kwa boda boda nishike nafasi, yeye aje taratibu na binti ya shangazi. Cucu hapandi boda boda. Anasema hawezi kumkumbatia mwanamume ambaye hajui ukoo wake.

Na siku hiyo alikuwa na sababu ya kuchelewa zaidi. Barabara yetu ilikuwa imepigwa gredi wiki hiyo hiyo. Ile mashine kubwa ya njano ilipita ikafagia mashimo yote, ikaacha njia tambarare kama meza, watu wote wakashangilia. Cucu peke yake ndiye aliyelalamika. Alikuwa anaijua barabara kwa mashimo yake: shimo la kwanza, unakaribia kanisa, mawili yaliyofuatana, geuka kushoto. Sasa alikuwa anatembea kama mtu aliyehamishiwa mji mwingine, fimbo ikitafuta kitu cha kugonga.

Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimwaga cheri zetu pembeni kabisa, karibu na ua, nikapiga magoti, nikatoa kila kilichokuwa si chekundu. Kijani, njano, nyeusi. Nilitoa hata zile ambazo zilikuwa nyekundu lakini zimechoka. Nilizitia kwenye mifuko ya eproni yangu ya kushonea, ambayo ina mifuko minne mikubwa ya mikasi na chaki. Nilipomaliza, mifuko ilikuwa imefura, na lile rundo la cheri liling'aa. Nilijisikia kama mtu aliyemwekea mwenzake zawadi chini ya mto.

Cucu akafika, ameshikwa mkono. Akasalimia kila mtu kwa sauti yake. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, vidole vikaanza.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitabasamu kama mjinga.

Vidole vikapita upande mmoja wa rundo. Vikarudi. Vikazama katikati, vikachota kutoka chini. Hakutupa hata moja. Dakika zikapita, hakutupa hata moja. Halafu mikono yake ikasimama juu ya cheri, imetulia kabisa, na mgongo wake ukanyooka.

"Nani amenichagulia?"

Nikafunika mifuko ya eproni kwa mikono.

"Nakuuliza wewe, wakwa." Wakwa ni "wangu". Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina lake, na huwa analitamka kwa utamu. Siku hiyo utamu haukuwapo. "Miti yangu naijua tangu hujazaliwa. Haijawahi kunipa gunia lisilo na kijani. Ziko wapi?"

"Cucu, ongea polepole, watu wanasikia."

"Wasikie. Ziko wapi?"

"Ziko kwa eproni."

"Zilete."

"Cucu, tafadhali. Karani anakuja sasa hivi. Atachota, ataona safi, atapima gredi ya kwanza, tutaenda nyumbani. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua." Akanyoosha mkono. "Ulipofanya ile gredi yako ya kushona, ni mimi nilikushonea kola?"

Hilo lilinipata pabaya, kwa sababu ile kola niliifumua mara nne, na mwalimu wetu mmoja aliponiambia aniwekee tu pini mbili tatu mahali pazuri, nilimkatalia huku machozi yananitoka. Nilimsimulia Cucu habari hiyo kwa majivuno wiki nzima.

"Zilete," akasema tena. "Jumatatu yule kijana alisema mimi sioni. Leo wewe umenifanya nisishike pia. Unataka nibaki na nini?"

Nikafungua mifuko. Mmoja, mwingine, mwingine, mwingine. Nilizimwaga zote katikati ya rundo lile jekundu, na nakuambia, sijawahi kuona kitu kibaya namna hiyo. Cucu akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko akazichanganya, akageuza na kugeuza kama mtu anayesonga sima ya harusi. Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja jirani yetu akashika kichwa.

"Aki ya Mungu, Cucu, unafanya nini? Hizo zilikuwa safi!"

"Zilikuwa safi za mtu mwingine," Cucu akasema. "Sasa ni zangu."

Akaanza upya.

Nilikaa chini kando yake. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kila cheri ya kijani niliyoiona vidole vilitaka kuirukia. Cucu alikuwa akisikia, sijui kwa njia gani, na kila nilipoegemea mbele alisema, "Keti." Nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, nikaiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Ilichukua muda mrefu. Uwanja ulikuwa unajaa, na kila mkulima aliyemaliza alisimama kuangalia. Kiwandani watu hawana adabu ya kanisani. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu, ambaye namba yake nayo ni ya tarakimu mbili lakini siku hizo alikuwa akija tu kupiga hadithi, aliita kutoka kwenye benchi.

"Wewe mama! Hata ng'ombe ya gredi, ya maziwa mengi, ikizeeka inaachwa ikae kivulini!"

"Ile yako ya gredi?" Cucu hakuinua kichwa. "Ile ilikuwa inatoa vikombe viwili hata ikiwa msichana. Uliipa jina la uongo, maskini."

Uwanja ukacheka mpaka mzee akavua kofia kukubali ameshindwa. Lakini mwingine nyuma, sikumwona ni nani, akanung'unika, "Atatuweka hapa mpaka Krismasi." Nikageuka na uso ambao siujui ulitoka wapi.

"Kama una haraka, mizani iko wazi, enda! Nani amekushika?"

Kweli hakuna aliyekuwa ameshikwa. Walikuwa wamejishika wenyewe.

Karani akaja. Akapiga magoti, nilimpa heshima kwa hilo, makarani wengine huchota wakiwa wameinama tu. Akachota viganja viwili, akavigeuza kwenye mwanga.

"Cucu, kijani mbili. Na hii ya njano, tatu."

"Nipe."

Akampa. Akazibonyeza moja moja, akazitupa kando.

"Ni kweli. Narudia."

"Cucu..." Karani akanitazama mimi, akaona sitamsaidia. "Cucu, tuliongea Jumatatu. Kamati ilisema..."

"Kamati iko wapi?"

"Haiko hapa leo."

"Basi ngoja nirudie. Kila mtu akirudishwa anarudia. Ama sheria yangu ni ingine?"

Karani akakuna shingo. "Rudia," akasema.

Akarudia. Safari hii hakuharakisha. Aligawa rundo kwa mafungu madogo madogo, kila fungu alilipitia, akalisukuma upande mwingine, akapitia lingine. Jasho lilimtoka chini ya kitambaa. Kule ndani mtu akafungua maji ya mashine, tukayasikia yakianza kupita kwenye mifereji. Mama jirani akaacha kushika kichwa, akaketi chini, kisha na mwingine akaketi. Hakuna aliyemsaidia. Nadhani kila mtu alikuwa ameelewa kwamba mtu akinyoosha kidole hata kimoja, siku nzima itakuwa imeharibika. Binti ya shangazi alinong'ona, "Kuna moja iko hapo kando ya goti lake," nikambana mdomo. Baada ya kitambo Cucu akaifikia mwenyewe, akaitupa.

Karani akaja mara ya pili. Akachota. Akachota tena kutoka chini, akachota tena pembeni, nilihesabu mara nne, na hakuna mkulima mwingine niliyemwona akichotewa mara nne siku hiyo. Mwishowe akainua cheri moja.

"Hii," akasema, na naapa hakuwa na furaha kuisema. "Upande mmoja ni wa njano."

Cucu akanyoosha mkono. Akaibonyeza. Akaizungusha kati ya vidole. Halafu, badala ya kuitupa, akaitia mdomoni. Tukamtazama akiitafuna taratibu, akatema punje mbili kwenye kiganja, akazifuta kwa kanga.

"Hii imeiva," akasema. "Ilifunikwa na jani, jua halikuifikia upande mmoja. Imeiva. Chota nyingine kama hii, uonje."

"Cucu, mimi kazi yangu ni rangi. Gredi ni rangi."

"Na mimi kazi yangu ni kahawa. Onja."

Karani akatafuta. Ilimchukua muda kupata nyingine yenye upande hafifu. Akaitia mdomoni, kijana wa C plas mbele ya wakulima wote, akatafuna huku akitazama juu kama anayetafuta jibu la hesabu. Hata wale waliokuwa kwenye mizani ya pili waligeuka kutazama.

"Ni tamu," akasema.

"Basi andika."

"Nitaandika gredi ya kwanza, ya leo. Lakini ile habari ya kuhamisha namba, Cucu, sijui nitawaambia nini. Wataniuliza kama nina hakika na Jumatatu ijayo."

Cucu akaninyooshea mkono nimwinue. Alipokuwa amesimama sawasawa, akageukia upande ambao sauti ilikuwa imetoka, akaongea naye kama anavyoongea na mimi nikikosea mapishi, bila hasira.

"Waambie hivi. Ya Jumatatu bado iko kwenye mti. Wewe pima kahawa ya leo. Ikiwa mbaya, nipeleke kule kwa mizani ya pili, nitaenda na miguu yangu. Siku nyingine nikileta nzuri, nirudishe. Lakini usinipimie kahawa ambayo sijachuma."

"Sawa, Cucu."

"Na usiache kunikagua. Kila siku nikague. Hawa wote si unawakagua?"

"Nawakagua."

"Basi."

Gunia likapimwa. Karani akaandika, akanipa risiti, nikamsomea Cucu: namba yake, gredi ya kwanza. Aliitaka risiti, akaikunja, akaitia ndani ya kitambaa cha kichwa, mahali anapotia vitu asivyotaka kusaidiwa kuvibeba.

Ningependa kusema kwamba tulirudi nyumbani tumekumbatiana. Haikuwa hivyo. Alitembea mbele na fimbo yake, mimi nyuma na gunia tupu, na katika ile barabara mpya isiyo na shimo alipotea mara mbili na mara zote mbili alikataa mkono wangu. Mara ya tatu aliukubali. Tulipofika karibu na kanisa aliuliza, "Ulificha kwa mifuko yote minne?" Nikasema ndiyo. "Zilikuwa nyingi hivyo?" Nikasema ndiyo, Cucu. Akatembea kidogo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka.

Kamati ilikaa. Nasikia walibishana, na nasikia karani alisimama akasema maneno yale yale kuhusu kahawa iliyo kwenye mti, ingawa yeye ameniambia hakumbuki. Namba haikuhamishwa. Lakini sitaki mtu adhani mambo yalinyooka kuanzia hapo. Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha siku nne mfululizo, cheri zikapasuka, nyingine zikalegea kabla ya kuiva, na vidole vya Cucu vikadanganywa vibaya. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu karani akasema, "Cucu, leo hapana." Cucu akabeba ndoo moja mwenyewe, mimi nikabeba gunia, tukavuka uwanja mzima mpaka mizani ya pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani. Watu walitazama, na Cucu, kwa kuwa hawezi kuona nani anamtazama, alimsalimia kila mtu kwa jumla, kwa sauti kubwa, akauliza habari za watoto. Jioni hakula vizuri. Alhamisi iliyofuata alikuwa kwenye uwanja kabla hata lango halijafunguliwa, na siku hiyo alipimiwa kule anakotaka.

Sasa msimu unaelekea mwisho. Siku za kiwanda nafunga cherehani mapema, na wateja wangu wanajua Jumatatu na Alhamisi wasinitafute baada ya saa saba. Nakaa kando yake na mikono yangu nimeikalia. Katika kazi zote nilizojifunza, hii ndiyo ngumu kuliko zote, na hakuna chuo kinachoifundisha. Namsimulia habari: nani ameleta kahawa nzuri, nani amevaa nini, mzee wa koti la kijivu amelala kwenye benchi mdomo wazi.

Jana alinipa fungu dogo nichague mwenyewe. "Jaribu," akasema. Nilichagua kwa macho yangu mazima haya, nikatoa zote zilizokuwa mbichi, nikamwambia nimemaliza, ziko safi. Akapitisha mkono mara moja juu yake, akachomoa moja, akanirushia pajani.

"Na hii uliiona?"

Niliitazama. Ilikuwa nyekundu kabisa, nzuri, na ngumu kama kokoto.